Nani Atasimamisha Nguzo

Jumatatu, 8 Februari 1965

Mandazi yameungua upande mmoja. Upepo wa ziwani umegeuka tena na jiko langu liko mlangoni. Wapagazi wa gati wameyala hivyo hivyo. Meli ilichelewa, njaa ilikuwa imewabana.

Wapimaji wamerudi. Minyororo, vigingi, mwavuli mmoja kwa watu wanne. Kigingi kimoja wamekipigilia karibu na shimo langu la majivu. Nimemuuliza mwenye kofia ni cha nini. Amesema hapo ndipo itakapokuwa katikati ya stendi ya mabasi. Amesema kwa furaha, kama anayeniletea habari ya harusi.

Tunajua tangu Krismasi kwamba mtaa wote utabomolewa. Leo nimejua pia basi litasimama wapi. Kitandani kwangu.

Alhamisi, 11 Februari

Mkutano kwenye uwanja wa shule. Jua kali. Halmashauri inataka soko lenye paa, stendi, barabara ya lami, na nyumba za mawe kupanda kuelekea kilima cha Asego. Homa Bay iwe mji, wanasema. Sijui tulikuwa tunaishi wapi.

Afisa aliyetumwa ni kijana kutoka Kisumu. Shati jeupe, mpole, anaandika kila neno. Anayetusemea ni Mzee Rajabu, fundi cherehani, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ameomba mambo mawili: kila mwenye nyumba yake apewe ploti huko juu, na mabati na miti ya nyumba za zamani ibaki mali ya mwenyewe. Afisa ameyakubali yote mawili. Hayo ya mabati na miti yaligombaniwa zaidi kuliko ploti.

Min Atieno, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki na omena, dagaa wa ziwani, alisimama mara tatu. "Bwana, hiyo soko yako iko na paa juu. Sasa omena yangu itakauka na nini? Na taa?" Watu walicheka sana. Afisa aliandika.

Jumamosi, 20 Februari

Mvua. Hakuna mkutano. Nimeziba tundu la paa kwa lami ya gatini. Nimejicheka nikiwa juu ya ngazi. Naziba paa la stendi ya mabasi.

Jumapili, 28 Februari

Habari njema, au nilidhani hivyo. Afisa amekuja baada ya ibada akatutangazia kwamba ploti zitagawanywa kwa utaratibu wa huruma: wajane kwanza, kisha wengine. Hakuna atakayechagua kabla wajane wote hawajachagua na kuanza kujenga. Watu walipiga makofi. Mzee Rajabu alinishika mkono.

Nilichagua palepale kwenye ramani. Ploti ya pembeni, karibu na bomba la maji, mbele ya njia ya kwenda hospitali. Wagonjwa na wanaowatazama hunywa chai nyingi. Nimerudi nyumbani nikiimba. Marehemu mume wangu Okeyo angekuwepo angeniambia nipunguze sauti.

Jumatatu, 1 Machi

Sikulala vizuri kwa furaha. Mandazi mazuri leo.

Jumanne, 9 Machi

Shemeji yangu Ogutu amefika kutoka Ndhiwa. Mdogo wake marehemu. Amevaa koti, ameleta kuku. Ogutu hajawahi kuniletea hata yai.

Alikunywa chai polepole, akasifu mandazi. Kisha akauliza, "Shemeji, hiyo nyumba mpya nani atasimamisha nguzo?"

Niliweka kikombe chini. Miaka yote hii nimekaa na Wajaluo na sikuliwaza hilo.

Desturi yao ninaijua. Mjane haingii nyumba mpya ya kwake mpaka mwanamume wa ukoo wa marehemu amsimamishie nguzo ya kwanza na alale humo naye. Baada ya hapo yeye ndiye mume. Okeyo alipokufa nilikataa kurithiwa. Wazee walinung'unika, halafu wakaniacha, kwa sababu nilibaki ndani ya nyumba aliyoijenga Okeyo kwa mikono yake. Sikuomba kipya. Nyumba ile ilinikinga.

Sasa halmashauri inaibomoa na kunipa ploti kwa huruma. Ningekuwa na mtoto wa kiume angejenga yeye. Nina binti mmoja tu, yuko Muhuru kwa mumewe, anaanika omena.

Ogutu ana wake wawili na pumu. "Mimi sikuja na vita," akasema. "Nimekuja tu kukusaidia, shemeji. Ploti ni kitu kubwa." Kuku wake nimemfunga nyuma. Ananitazama.

Ijumaa, 12 Machi

Nimekasirika. Nimekanda unga mpaka mikono inauma.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Niliolewa hapa kwa hiari yangu, nikajifunza lugha yao vibaya, nyumbani tukazungumza Kiswahili kama watu wa posta. Okeyo nilimpenda. Ogutu simpendi. Hakuna zaidi ya hapo. Sitaki kumpikia, sitaki kusikia pumu yake, sitaki aniulize nimetoka wapi.

Jumanne nilimwambia kwamba kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake, kwa hiyo labda nitatafuta mke, anisimamishie nguzo. Nilikuwa natania. Hakumaliza chai yake.

Jumatano, 17 Machi

Mambo yameharibika. Wajane wengine wote wameanza kujenga. Wawili wana watoto wa kiume wakubwa, wengine walirithiwa zamani. Nimebaki mimi. Na kwa kuwa utaratibu ni wajane kwanza, mtaa mzima umesimama nyuma yangu. Ploti zipo, watu wapo, mvua kubwa inakuja, na hakuna anayeruhusiwa kuchagua mpaka Nyar Kuria, binti wa Wakuria kama wanavyoniita, achimbe shimo moja.

Afisa anadhani tunagoma tupewe fidia zaidi. Amemwandikia Mzee Rajabu kwa hasira. Mzee Rajabu amekuja, amekaa kwenye benchi langu, amezungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu. Yeye ni Mwislamu, desturi hizi anaziona kwa mbali. "Mama, watu wananiuliza," akasema. Hakusema wanamuuliza nini. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma zaidi.

Alhamisi, 18 Machi

Min Atieno ameacha kuniazima kinu. Yeye na mumewe ndio wanaofuata baada ya wajane. Alifika jioni akasimama mlangoni, hakukaa.

"Nyar Kuria, unasumbua watu bure. Kama Ogutu hutaki, kodi mtu. Wako huko sokoni. Anasimamisha nguzo, analala siku moja, anaenda zake. Ot ni ot tu, nyumba ni nyumba, wewe."

Najua wapo. Nimewahi kumwona mmoja, mlevi, anavaa viatu visivyofanana. Nilimshukuru Min Atieno. Alikuwa anasema kwa nia njema na ndiyo sababu iliniuma.

Ningeweza pia kujenga tu, nisijali. Fundi yeyote atachimba shimo. Lakini hakuna atakayekanyaga mlango wangu. Wataniona nimewaletea msiba, na mtoto wa mtu akiumwa homa watataja nyumba yangu. Biashara ya chai haiendi bila watu. Na binti yangu watamkataza kuja kunitembelea, kwa sababu wakwe zake ni Wajaluo kama hawa.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu.

Jumamosi, 20 Machi

Nimepita juu kuitazama ploti yangu. Nzuri. Bomba linatoa maji mazuri.

Chini yake kidogo halmashauri imemaliza safu ya vyumba vya kupanga. Mawe, mabati mapya, milango ya kijani. Vya makarani na wauguzi na yeyote asiye na nyumba ya kubomolewa. Mafundi walikuwa wanapaka chokaa. Nimesimama nikawatazama wakifanya kazi. Hakuna aliyesimamisha nguzo yoyote. Hakuna nguzo. Ni mawe tu, na fundi kutoka Kisii anapiga miluzi.

Nimerudi bila haraka.

Jumatatu, 22 Machi

Nimekwenda ofisini kwa afisa. Nimevaa gauni la kanisani. Nimemuuliza vile vyumba vya kupanga ni vya nani.

"Vya halmashauri, Mama."

Nimeuliza kama mpangaji anajenga chochote, hata choo. Akasema hapana, haruhusiwi hata kupigilia msumari. Nikasema nipe chumba kimoja, kile cha mwisho upande wa hospitali, na ploti mpe anayefuata.

Hakuelewa. Alinieleza kwa upole kwamba ploti ni yangu milele na chumba ni cha kupanga, mwezi nikishindwa kulipa nitatolewa. Alidhani sijasikia. Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza kama kuna mtu amenitisha. Nilifikiria kumweleza. Mama yake lazima ana nyumba mahali. Angeelewa, halafu angeona haya kwa ile huruma yake. Nikasema tu kwamba sina mtu wa kujenga.

Aliandika. Tuliagana vizuri.

Jumamosi, 27 Machi

Mkutano. Watu wengi kuliko siku zote. Ogutu alikuwepo, na wazee wawili wa ukoo wa Okeyo aliowaleta kwa gharama yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Afisa alitangaza kwamba nimeacha ploti. Kukawa na kelele. Ogutu alisimama akasema huyu ni mke wa kaka yangu, haingii nyumba mpya hivi hivi. Wazee wakaitikia.

Nilisimama. Nilisema Kijaluo, kibaya kama kilivyo. Nilisema sijengi nyumba. Nyumba ni ya serikali, mlango ni wa serikali, nikiondoka nitaacha kila kitu humo. Mimi ni mgeni pale, kama mtu aliyelazwa hospitali. Nikauliza wazee: mgonjwa akipewa kitanda wodini, nani humsimamishia nguzo?

Mzee mmoja alicheka kwanza, bila kutaka. Yule mwingine akasema kwamba nyumba ya kupanga si nyumba ya mtu. Wanawe yeye mwenyewe wako Nairobi kwenye vyumba vya reli na hakuna aliyewachimbia shimo. Ogutu akauliza ile ploti sasa itakuwaje, na hapo kila mtu akaelewa alichokuwa anakitaka.

Ploti ameichukua Min Atieno na mumewe. Alinikumbatia mbele ya watu, mikono inanuka samaki. Nimefurahi kwamba mtaa umefunguka. Nimeumia kuhusu bomba. Vyote kwa pamoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Jumatatu, 31 Mei

Wamebomoa leo. Haikuchukua muda. Ukuta wa udongo ulianguka kama mtu aliyechoka anavyokaa. Mabati nimemuuzia mtu wa Rangwe. Nguzo ya katikati, aliyoichimbia Okeyo mwenyewe tukiwa tumeoana juzi tu, ilikataa kutoka. Watu wawili waliitingisha. Chini ilikuwa nyeusi na ngumu, mchwa hawakuigusa.

Mchukuzi aliuliza aitupe au aiuze. Nikasema ni yangu, walituahidi. Imekuja nami kwa mkokoteni, juu ya sufuria.

Jumatano, 2 Juni

Chumba ni kidogo. Kinanuka chokaa. Usiku nimesikia upande wa pili wa ukuta muuguzi akikohoa. Sijui nimekaa kwa nani. Hili nililitaka mwenyewe.

Ijumaa, 4 Juni

Nimemwomba mtu mwenye shoka aikatekate nguzo iwe kuni. Alishangaa, mti mzuri vile. Ningeiweka wapi? Chumba cha watu hakina mahali pa nguzo.

Jumapili, 13 Juni

Nimepata ruhusa kuweka jiko nje, ng'ambo ya njia ya hospitali. Wateja wanne baada ya ibada, kisha zaidi.

Ogutu amepita. Alikuja mjini kumwona mgonjwa. Nilidhani atanipita. Alikaa kwenye benchi, koti lile lile, akaomba chai. Hakutazama mlango wangu na mimi sikumkaribisha ndani. Alikunywa kikombe cha kwanza, akaongeza cha pili. Alisema moto wangu ni mzuri, hauna moshi, kuni hizi ni za wapi.

Nikamwambia ni za mti wa zamani, zinaisha wiki hii.

Akatikisa kichwa, akasema aliyeutafuta alijua miti. Nikasema ndiyo, alijua. Alilipa kabla hajaondoka, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mandazi leo hayakuungua.