Nna Jambo, Mama

Somo yangu Mishi,

Nimekasirika nawe. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekuandikia ili nikulilie. Kulia nimelia, tena sana, mpaka shangazi yako akanishika mkono akaniambia nipunguze, wafiwa wenyewe wamenyamaza na mimi napiga mayowe. Hii ni barua ya ugomvi.

Arubaini yako imepita. Hitima imesomwa, pilau imeliwa, turubai limekunjwa, na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Mimi nami nimerudi kwenye kazi yetu ile ile, nyumba kwa nyumba, kuwauliza watu wa Kwale wanastahimili vipi ukame na maradhi na misiba, na wanakaa vipi na wenzao, ili wataalamu wa chuo wapate kuandika utafiti wao. Bado wanatuita wadadisi. Wewe ulilichukia jina hilo, ukisema kwetu mdadisi ni mbea aliyepewa kofia. Na kile kishikwambi, kidude chetu cha kujazia majibu, bado kina ugonjwa wake, usipobonyeza jibu hakikupeleki kwenye swali la mbele. Na bado mtu akijibu "Alhamdulillahi" twatakiwa tubonyeze "Hapana kabisa," yaani hana huzuni, na asiye na huzuni mshauri wa zahanati haendi kumtazama.

Wamkumbuka yule mzee wa Kikoneni? Ndovu walikuwa wamelimaliza shamba lake, hakubakiwa na hindi hata la kuchoma, na mwaka huo huo amemzika mkewe. Tulipomuuliza kama anahuzunika akasema, "Alhamdulillahi, wanangu, twashukuru," huku vidole vyake vinauchambua mkeka, ukindu mmoja mmoja, mpaka pembe nzima ikafumuka. Mimi nikabonyeza "Hapana kabisa." Wewe ukaninyang'anya kidude mbele ya watu. Tulizozana njia nzima. Ukaniambia, "Mtu akikwambia salama, ndiyo kwanza anakukaribisha ukae. Wewe ushafunga kitabu waondoka." Nikakujibu kwa kiburi kwamba sikuajiriwa kusoma mikeka. Ndipo ulipoanza kuandika kwenye lile daftari lako la buluu. Mzee amesema anashukuru, mkeka umefumuka. Binti amesema salama, chai hakuinywa. Denno, msimamizi wetu, yule kijana wa bara mwenye haraka zake, akakwambia, "Hizo ni stori tu, sisi tunataka data." Ukaendelea kuandika.

Sasa sikiza linaloniudhi. Wewe uliyenisomesha hayo yote, ulikuwa ukinijibu vipi mimi? Wiki tatu nzima ulijifunga kichwa kwa leso. Kila asubuhi tukikutana stendi ya Msambweni nakuuliza, "U mzima, somo?" Mzima wa afya. Na kichwa? Ah, jua tu hili. Siku moja ukanitania kabisa, "Nibonyezee hapana kabisa." Nikacheka. Lo! Nilicheka, Mishi. Kumbe presha ilikuwa ishakupanda mpaka hapo, na Jumatano ile ukaanguka uani, na kufika alasiri tukaambiwa huna uhai. Mikeka ya watu wote uliiona, wako ukaukalia. Na mimi macho ninayo, yalikuwa yakitazama nini?

Juzi imeanza awamu ya pili. Twarudi kwenye nyumba zile zile kuona watu wamebadilika vipi tangu mara ya kwanza. Orodha ya kijijini kwenu Bodo ikatoka, nyumba ya tatu ni kwa mamako. Nikamwambia Denno hapo mimi siwezi, atafute mwengine. Akasema hakuna mwengine, na nyumba ni nyumba.

Nikwambie habari za mamako, maana huna wa kukwambia. Tangu tukuzike hajalia mbele ya mtu. Anaamka, anaswali, anafagia, anakaanga viazi vyake vya karai anauza, akisalimiwa anajibu salama. Kula hali mpaka shangazi yako amsimamie. Na mimi jina hanitaji. Alivyokuwa akituita tangu tukiwa wadogo, "Mishi wangu na Mishi wa watu, njooni mle!" Sasa mimi ni "wewe mwanangu," au ananikoholea tu nigeuke. Shangazi yako ana hofu naye. Mimi nina hofu naye. Nikajisemea basi, angalau ajibu yale maswali mbele yangu, mshauri aje.

Jana nilifika saa nne asubuhi. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo. "Marahaba, hujambo?" Sijambo. Tukawa tushadanganyana wote wawili hata sijaketi. Nikafungua kidude. Wiki mbili hizi umekuwa ukihuzunika? Alhamdulillahi. Usingizi waupata? Alhamdulillahi. Una mtu wa kumweleza yaliyo moyoni? Watu wapo, mwanangu, na Mungu yupo. Alikuwa akimenya viazi. Kimoja alikimenya, akakimenya, akakimenya, mpaka kikabaki ukubwa wa korosho, naye hana habari.

Nilitaka kubonyeza "Karibu kila siku" kwa kidole changu mwenyewe, yaishe. Nani angejua? Lakini nikakusikia ukinikaripia, "Usimtilie mtu maneno mdomoni, hata yakiwa ya kweli." Hata umekufa waniharibia kazi! Sikubonyeza lolote. Kidude kikanitolea maandishi mekundu, tafadhali jibu. Tafadhali jibu! Hasira zikanipanda, sijui nilimkasirikia nani, kidude, mamako au wewe. Nikaaga, nikatoka.

Denno alikuwa njia panda, juu ya pikipiki. Akaniuliza kama nimemaliza, nikamwambia bado. "Bado nini? Amesema hana shida, jaza twende." Nikakitazama kile kitufe cha "Hapana kabisa." Nilishakubonyezea wewe kitufe hicho, nimeona kilichofuata. Nikamtia Denno kishikwambi mkononi, nikarudi.

Hodi tena. Karibu tena. Shikamoo tena. Mamako na adabu zake wamjua, hata ukitoka ukarudi baada ya dakika tano atakujulia hali upya. "Marahaba, hujambo?"

Somo, neno hilo tumelijibu maisha yetu yote. Hujambo, sijambo. Mtu ana homa, sijambo. Mtu atoka makaburini, udongo ungali miguuni, sijambo. Mdomo ulikuwa ushafunguka kulisema. Nikasema, "Nna jambo, mama."

Kisu kikasimama. Nilidhani atanifukuza, kwani ni nani hujibu mkubwa wake hivyo? Lakini nilikuwa nishaanza, sikuweza tena kujizuia. Nikamwambia nna jambo, nna jambo kubwa, nilimwona mwanao anaumwa, nikamuuliza, akaniambia mzima, nikamwamini kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kwenda kuwauliza watu wengine kama ni wazima. Yakanitoka yote, na machozi, na makamasi, uniwie radhi.

Mamako alinisikiza mpaka mwisho. Akaweka kisu chini, akanifuta uso kwa pembe ya leso yake, yanuka mafuta ya viazi. Kisha akasema, "Hata mie aliniambia mzima." Akavisukuma viazi kando. "Hata mie nna jambo, Mishi. Kila siku. Kila siku hiyo."

Mishi. Alilitaja, somo. Na baada ya kulitaja akalia, kilio chenyewe, kile ulichostahiki siku ile. Tulilia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Viazi havikukaangwa jana.

Alipotulia nikamuuliza kama nimwandike hivyo alivyosema. Akasema, "Andika." Nikaenda njia panda nikabonyeza "Karibu kila siku." Denno akatazama saa, akasema nimemchelewesha nyumba mbili. Mshauri wanasema atakuja wiki ijayo, na asipokuja nitakaa mlangoni pa ofisi yao mpaka wanichoke.

Usidhani hasira zimeniisha. Utafiti utatoka, utasema watu wa kwetu ni wastahimilivu na wana shukrani, na wala si uongo, lakini yule mzee wa Kikoneni mle ndani ni "Hapana kabisa," na kidole kilichombonyezea ni hiki ninachokuandikia. Hilo halinipi usingizi. Na wewe bado nakudai jibu la kweli kwa zile asubuhi zote za stendi.

Nikuage sasa. Daftari lako la buluu mamako amenipa. Alhamisi siendi kazini, naenda Kikoneni, bila kidude na bila Denno. Nitamsalimu yule mzee, na akiniuliza hujambo nitamwambia kweli. Kisha nitakaa, hata mkeka wake ufumuke wote. Nakuahidi. Na mamako nitakuwa kwake kila Ijumaa, nimenye viazi mimi, maana yeye atamaliza gunia zima.

Nilitaka kukuandikia lala salama, lakini neno lenyewe nimelichukia. Mungu akulaze pema, mwenzangu. Na huko uliko, akitokea mtu akakuuliza hujambo, tafadhali usimfanyie ulivyonifanyia.

Somo yako,
Mishi wa watu