Changu Aliyevunjika Mgongo

Dada Zuhura mpenzi, shikamoo. Shangazi anakusalimu sana, na mvua imetupunguzia joto kidogo.

Jana Salumu, mwanawe shangazi, alirudi kutoka baharini na samaki mnono aina ya changu kwa ajili yangu mimi mgeni. Shangazi akampasua. Uti wa mgongo ulikuwa umekatikakatika na tumbo limejaa damu.

"Salumu, huyu ameuawa kwa baruti," akasema.

"Mama, nyavu zinarudi tupu. Ningemkirimu mgeni kwa kitu gani?"

"Na miamba wanamokaa samaki ikishavunjika yote, wanao watavua wapi?"

Shangazi akamfukia yule samaki nyuma ya banda la kuku, akatupikia wali na kunde za nazi. Tulipokaa kula alimpakulia Salumu kwanza, kama desturi yake, tena akamwongezea. Hapo ndipo Salumu aliposema kwa sauti ndogo, "Sitarudia, mama." Machozi yalimlengalenga, na mimi vilevile.

Dada, sisi tuliokulia Tabora tulidhani bahari haiwezi kupungua. Tangu jana nina hofu ambayo sikuja nayo. Nawawaza wanao, na huyu niliye naye tumboni, kama watakapokuja huku wataikuta ina kitu.

Kunde zilikuwa tamu kweli, nakuletea mbegu zake. Wabusu watoto wote. Waambie mama yao mdogo ameiona bahari, na anaiombea iwangoje.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaidi