Barua Isiyo na But

Jumatatu, 12 Januari 1976
Barua nyingine. Sentensi kumi na moja, tisa zinaanza na And au But. Mzee Mwenyekiti wa chama cha wakulima alijifunza Kiingereza machimboni Chunya, na anakisema kama anayegonga mwamba. Mimi nataipu tu, uso chini. Shuleni Iringa mwalimu wetu alituchapa rula kwa kuanza sentensi hivyo. Miaka minne! Inaniudhi kwelikweli.
Zimebaki wiki mbili za majaribio. Baba anasema nikishindwa hapa nitarudi kupalilia viazi.

Jumanne, 13 Januari
Barua ya kuomba lori inakwenda Iringa, kwa mzungu anayepanga malori ya kiwanda. Hajui Kiswahili. Ghala letu limejaa maua ya pareto mpaka darini, na paa linavuja upande mmoja. Lori lisipofika upesi yataota ukungu, na kiwanda hakitayachukua. Barua ya maana namna hii, halafu But kila mahali! Mzungu atacheka. Atadhani ni mimi.
Nimeziondoa zote. Nimetaipu upya mara tatu. Imetoka safi kama ya kitabuni. Mwenyekiti sikumwambia. Sina ujasiri huo.

Jumatano, 14 Januari
Aibu. Aibu tupu.
Ndio mkutano wangu wa kwanza; sikujua kwamba hapa barua haifungwi mpaka isomwe mbele ya wanachama. Zamani karani mmoja aliandika mambo yake mwenyewe, wao wakatia dole gumba bila kujua. Tangu hapo lazima waisikie, hata ikiwa ya Kiingereza. Hawakielewi. Ila wanajua And ni dai jipya, wanaitikia "Ee!" But ni kukataa, wanapiga miguu chini.
Mwenyekiti akasoma barua yangu safi. Kimya. Watu arobaini, kimya. Mama Sekela, mwenye magunia mengi kuliko wote, akasimama.
"Mwenyekiti, mbona leo unawabembeleza hao wa kiwanda? Ile 'bati' yetu ya kupigia miguu iko wapi?"
"Wamemhonga sukari huyo!" mzee mmoja akadakia.
Wakacheka, lakini hakuna aliyetia dole. Basi la Iringa likapita bila barua. Jingine ni Jumamosi.
Mwenyekiti alinitazama tu. Hakunitaja. Heri angenitaja.

Alhamisi, 15 Januari
Mvua tangu asubuhi. Nina hasira. Na Mwenyekiti, na Mama Sekela, na mwalimu wa Iringa, na mimi mwenyewe. Barua ilikuwa sahihi! Sahihi kabisa, na imebaki mezani.

Ijumaa, 16 Januari
Nimekiri. Mwenyekiti akasema, "Najua, mwanangu. Mimi sina Kiingereza kirefu namna ile. Sasa utaisoma wewe."
Mimi! Ambaye hata kanisani naimba kwa midomo tu.
Nimetaipu upya, zote tisa zimerudi mahali pake. Nikasimama mbele ya wanachama, nikaanza kusoma. Sauti haitoki.
"Paza, binti! Tumetoka shamba, hatujatoka kaburini!" Mama Sekela huyo.
And ya kwanza, wakaitikia watu wachache. Ya pili, wote. Nilipofika But sakafu ya mbao ikanguruma. Nikangoja inyamaze, nikaendelea. Kufika mwisho nilikuwa najua pa kupumzika, ili waingie.
Bado naona ni Kiingereza kibaya. Bado! Ila madole gumba yote yametiwa, na koo linaniuma.

Jumamosi, 17 Januari
Barua imepanda basi. Nimeipeleka barabarani mwenyewe, chini ya koti la mvua.

Jumanne, 20 Januari
Hakuna jibu. Mvua. Kila anayepita ghalani ananusa kwanza, kisha ananiangalia. Nimechoka kuangaliwa.

Jumamosi, 24 Januari
Lori limekuja. Dereva hakuzima hata injini, anaogopa matope ya njia. Magunia yote yamepakiwa isipokuwa sita, yale ya upande unaovuja. Yalianza kuota ukungu juzi. Lori lingefika siku tatu mapema, yangepona. Ni zile siku tatu nilizoichelewesha barua.
Manne ni ya Mama Sekela.
Mwenyekiti ameniambia niendelee na kazi. Nimeitikia, sikufurahi kama nilivyodhani.
Nimemfuata Mama Sekela nyuma ya ghala, tukayamwaga pamoja. Akakung'uta gunia la mwisho, akanipa ncha mbili, tukalikunja.