Mtu wa Upepo Achomwe

Izia, Sumbawanga
Jumanne, tarehe 18 Juni

Kwako dada yangu Victoria, Mama Wiliam,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe, shemeji, na wote mliomo humo ndani mpaka huyo mjukuu anayeota meno. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupa bado ipo, au mmeshaimaliza kwa kupakana nyumba nzima? Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatutesa, asubuhi vidole havishiki hata kijiko. Mahindi yako ndani, ulezi upo juani unakauka.

Naanza na lililo kubwa ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Calvin ni mzima. Hajaguswa na mtu. Ninavyoandika hapa amekaa uani anapukuchua mahindi. Najua tangu nikupigie simu Jumatano hukulala. Nilikwambia nitafutie boti ya kwenda Zambia, mtoto anakuja, usiulize kitu, halafu salio likakata. Ulipopiga wewe sikupokea, maana niliogopa kuisikia sauti yangu ikiyasema yale mambo. Na Jumamosi nilikupa neno moja tu, kwamba yameisha, kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu na Kasanga nzima inasikiliza. Kwa hiyo nimeona nikae niandike kwa mkono wangu, darasa la nne langu lile lile, uuvumilie mwandiko. Beda wa gari la dagaa atakuletea.

Mwanao Calvin, kama nilivyokudokeza wakati wa Pasaka, alikuwa anatengeneza mkanda wa video na wenzake. Yeye husema mama, siyo mkanda, ni muvi, mikanda iliisha zamani. Mimi nasema mkanda. Unaitwa Mtu wa Upepo. Ni habari za kijana wa Ufipa ambaye huu upepo wetu unambeba. Anaruka juu ya mashamba, anazuia basi lisitumbukie kwenye mteremko wa kushukia ziwani, anapambana na tajiri anayetaka kuziba chemchemi ili watu wakanunue maji kwake. Calvin ndiye huyo Mtu wa Upepo mwenyewe. Kavaa suruali inayombana mpaka nikaona haya, na kitenge changu chekundu mgongoni.

Walipomaliza wakampelekea binti mmoja anaitwa Angela, mwenye kibanda karibu na soko, anauza muvi za kila aina, za kwenye CD na za kurusha kwenye simu. Sasa kuna bwana mmoja wa Mbeya, Shija, msambazaji, anayepeleka muvi kwenye maduka ya mikoa yote hii. Huyo alimwambia Angela kwamba yeye hasikilizi mtengenezaji anavyojisifu, wala mama yake. Aweke daftari mezani, kila anayenunua akishaangalia nyumbani kwake arudi aandike anavyoona. Jumamosi ya tarehe kumi na tano angekuja kulisoma. Wakiipenda, anaichukua, wasipoipenda, basi. Calvin ameweka miaka miwili kwenye kazi ile dada, na alikuwa hali vizuri kwa kuingojea siku hiyo. Kulisoma daftari mwenyewe alikatazwa na Angela, asije akachomeka sifa zake.

Nami si unanijua. Mtoto akiwa na homa mimi ndiye ninayetetemeka. Jumatano nikaenda kibandani. Angela alitaka kufuata unga wake mashineni, nikamwambia nenda mwanangu, nitakukalia. Alipopiga kona tu nikalifungua daftari, nikaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Mwanzo yalikuwa maneno ya watu tu. Mmoja kaandika sauti ya upepo inameza maneno, watu wanafumbua midomo kama samaki. Mwingine CD yake inakwama pale pale basi linapoanza kuning'inia, kwa hiyo mpaka leo hajui kama abiria walipona, anaomba aambiwe. Mwalimu mmoja kaandika shujaa anayetoka nyumbani bila kumwamkia mama yake hafai kuigwa na wanafunzi, nikasema huyu mwalimu ana akili. Kuna mama analalamika mwanawe kajifunga khanga shingoni akaruka kutoka juu ya banda la kuku, mguu umeteguka. Na kuna mtu anauliza, mwenye nguvu kiasi hicho, mbona shamba la mama yake limejaa majani? Maana walipigia picha shambani kwetu, na kumbe watu wamelitambua.

Nikafungua ukurasa wa pili. Mstari wa kwanza maneno mawili tu: Calvin mchawi. Nikafikiri sijasoma vizuri. Nikarudia na kidole. Chini yake mtu mwingine: huyu kijana ni mchawi kweli kweli, sijawahi kuona. Mwingine: ametuua familia nzima. Halafu kwa herufi kubwa: Mtu wa Upepo achomwe leo leo, tumechoka kusubiri, sisi vijana wa bodaboda wa Izia. Na chini wenzao wanaunga mkono. Achomwe. Hata mimi nasema achomwe. Achomwe, mimi nipo tayari tangu jana.

Dada, wewe na mimi tumekulia hapa. Jina lenyewe la mji wetu maana yake tupa uchawi. Unamkumbuka yule mzee jirani yetu, sisi tukiwa wadogo? Lilianza neno. Likaja jiwe juu ya bati. Na mwisho wake sitaki kuuandika.

Nililivingirisha lile daftari kwenye khanga. Angela aliporudi nikamuaga vizuri kabisa. Nikafika nyumbani, nikalisoma mara ya pili na ya tatu, nikitumaini maneno yatabadilika, halafu nikalisukuma jikoni chini ya sufuria ya maharage mpaka likawa majivu. Ndipo nikampigia kaka Felisiani kule kijijini Kate, nikamwambia ajilaze, awe mgonjwa. Calvin nikamwambia mjomba wako mahututi, anakuita wewe tu. Akaondoka na gari la mchana hata hakuaga wenzake. Nilitaka akae huko mpaka wewe upate boti. Jioni Angela akaja analia daftari limepotea, akaniuliza kama nililiona. Nikasema sikuliona. Kwa siku moja nimesema uongo mwingi kuliko wa mwaka mzima.

Jumamosi asubuhi nikasikia pikipiki zinapita kwa wingi kuelekea sokoni. Nikaona ndiyo leo. Wakimkosa Calvin watamgeukia yule binti wa watu. Nikafuata kwa miguu. Nakuta kibanda kimezungukwa, vijana kama ishirini, na mbele yao Valerian, yule dereva wa bodaboda mrefu, wa kwa marehemu Mzee Clemens. Nikamsikia anapaza sauti kwamba Angela choma basi, tumekaa hapa tangu saa mbili, unamchoma au humchomi? Na pazia la kibanda limeshushwa. Nikajua Calvin amerudi bila kuniambia, wamemkamata, yumo humo ndani.

Sijui nilipitaje katikati yao. Nilipiga magoti pale mlangoni kwenye vumbi, nikasema, "Nichomeni mimi. Mwanangu mwacheni, mimi ndiye niliyemzaa."

Valerian akavua helmeti, akasema shikamoo mama, kwa sauti ya mtu asiyejua aseme nini kingine. Kisha pazia likafunguka, Angela akatoka na CD mkononi, akaichukua mikono yangu akaniwekea. Ilikuwa na joto kama mkate.

"Mama," akaniambia, "hii ndiyo tunayoichoma."

Kumbe dada, mashine ikiandika picha kwenye CD, wao wanasema kuchoma. CD tupu zilimwishia tangu Jumanne ile, watu wakawa wanapanga foleni wanataka Mtu wa Upepo hayupo, ndiyo maana wakaandika achomwe, wamechoka kusubiri. Na mchawi, nikawauliza? Wakaniambia mama, siku hizi mchawi ni mtu anayeijua kazi yake. Mchezaji akifunga mabao matatu ni mchawi. Fundi akinyoosha ukuta ni mchawi. Na ametuua, je? Ametufurahisha. Nikawauliza, yale maneno ya kusifu tuliyowaachia sisi wazee wenu yaliwakosea nini?

Hapo ndipo walipocheka, mmoja akakaa chini kabisa akishika tumbo. Nami nikacheka, machozi yananitoka, sijui ni ya upande gani. Lakini Valerian hakucheka. Alininyanyua, akanipangusa vumbi magotini, akawaambia wenzake kwamba mama ana haki yake, kwa mji huu tulipaswa kuandika kama watu wazima.

Sasa ikabaki daftari. Nikawaambia wazi kwamba nililichukua mimi, na mimi ndiye niliyelichoma kweli kweli, siyo kwa mashine. Angela akakaa juu ya kreti ya soda, akashika kichwa. Shija alikuwa njiani. Vijana wakasema waandike upya, lakini walioandika wengine walitoka Laela, wengine Matai, wangepatikana wapi saa ile? Na kubuni maneno ya watu Angela alikataa.

Shija akafika. Mtu mnene, mpole, kavaa koti zito kama amekuja mlimani. Angela akamweleza bila kuficha. Yule bwana akasema anasikitika, lakini bila maneno ya wateja hana cha kusoma. Alikuwa ameshageuka kwenda kwenye gari lake niliposema, baba, mimi ninayo.

Wewe unajua jinsi ninavyosoma. Wanaosoma haraka wanasahau; mimi nasoma kwa kidole, neno likishaingia halitoki. Na lile daftari nililisoma mara tatu. Nikasimama pale nikamsomea lote kutoka kichwani, kuanzia sauti inayomeza maneno, mpaka samaki, mpaka CD inayokwama, mpaka banda la kuku, mpaka shamba lenye majani. Ukurasa wa pili nao nikausema wote, na mdomo ulikuwa bado mgumu kwenye yale maneno. Kila nilipofikia neno la mtu aliyekuwepo, aliinua mkono akasema ni langu hilo. Nilipomaliza, Shija akaniuliza mbona sikuyaruka yale mabaya. Nikamjibu hakuna aliyeniambia nichague. Akatikisa kichwa, akasema anayetaka kumdanganya huwa anaanza kwa kuyaficha hayo. Akauliza tena mimi mwenyewe naionaje muvi. Nikamwambia upepo upunguzwe kidogo tuwasikie watu, na kijana avae sweta, huku ni Sumbawanga.

Ameichukua dada. Amesema watengeneze sauti kwanza, na mwanzoni waandike kwamba watoto wasiruke kutoka juu ya mabanda. Mwezi wa nane itakuwa madukani.

Jumapili Calvin akarudi. Mjomba wake alijitahidi kuugua siku tatu, akiugulia kila chakula kinapoletwa, ila Jumamosi jioni walipomwita kwenye ngoma ya komunyo kwa jirani akaruka kitandani na kuuliza viatu vyake viko wapi. Calvin akajua ana mama mwongo na mjomba mwongo.

Nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Huku mtaani wananisifu. Wananiita mama jasiri, aliyetaka kufa badala ya mwanawe. Hawajui nililokuwa nalo moyoni. Niliposoma lile neno Jumatano, dada, sikusema wanamsingizia. Nilisema, kumbe ni kweli.

Nilimwona kwa macho yangu kwenye televisheni ya jirani, anapaa juu ya mahindi yetu, miguu inaning'inia. Wageni wakiruka kwenye sinema najua wana mitambo yao. Lakini huyu ni wangu, namjua, hata mparachichi alishindwa kuupanda. Na miezi ile alikuwa anatoka alfajiri bila kusema aendako, anarudi na nyasi nywelini na michubuko kiunoni. Ilikuwa kamba waliyomfungia, wakaja kuifuta kwenye kompyuta. Ningemuuliza angenieleza. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Badala yake tangu mwezi wa tatu nilikuwa namtilia maji ya baraka kwenye chai, na yeye anakunywa tu, akisema mama, leo umeizidisha maji.

Jana mchana nimemwambia. Nilishindwa kukaa nalo huku watu wananipongeza mbele yake. Hakukasirika. Alilirudisha tonge sahanini, akaniuliza:

"Kwa hiyo uliamini mimi ni mchawi, na bado ukanitafutia boti?"

Nikamwambia ndiyo, ningefanyaje. Mchawi naye ana mama.

Akainama. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi huu. Dada, hapakuwa na moshi. Moto ulikuwa haujawashwa tangu asubuhi, tulikuwa tunakula kiporo.

Nipelekee salamu kwa shemeji, kwa Wiliam na mkewe, na kwa jumuiya yenu ya hapo Kasanga iliyokuwa ikiniombea bila kujua inaomba kwa ajili ya nini. Calvin anakuamkia. Huo mguu uuweke juu ukikaa, na usiubishie mwili. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Bertilla, Mama Calvin