Dakika Sita za Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Presha 160 kwa 100. Daktari kaiandika kwa wino mwekundu, kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mzito. Nianze mazoezi, anasema, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Nikamwambia nina mashine ya kukimbilia nyumbani. Akafurahi. Sikumwambia kwamba tangu mume wangu afariki, miezi minane sasa, naitumia kutundikia nguo za wateja. Leo ina magauni matatu ya harusi na koti moja lisilo na mikono.

Binti yangu kasema ataniwekea programu kwenye simu, ya kufundisha wanaoanza. Ziko nyingi, mama, utachagua. Haya. Miaka yote nachagua vitambaa, kumbe hata kukimbia kuna kuchagua.

Jumanne, 4 Machi

Soketi iko nyuma ya mashine, chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame – nimeinama mpaka kiuno kikalia. Nikatembea, nikakimbia kidogo, nikatembea. Dakika kumi na mbili. Jasho mpaka masikioni. Kuangalia simu: mita sifuri. Inanipima kwa setilaiti, na setilaiti inaniona niko chumbani tu, sijatoka.

Binti kacheka mpaka kakaa chini. Nami nikacheka. Halafu nikakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, namuuliza mume wangu: unakimbia kwenda wapi wewe? Hakukasirika hata siku moja. "Nakuja," anajibu, "nakuja taratibu." Nikamwambia binti nina kazi, nikarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 6 Machi

Programu ya pili: mwanamume anafoka. Haraka, usilegee, inua magoti. Ananifokea nyumbani kwangu! Nimemfuta. Ya tatu inataka picha yangu, kilo zangu na marafiki wa kushindana nao. Kilo zangu ni siri yangu na mzani. Nimeifuta nayo.

Binti kasema basi nitumie ile ya baba. Kaisema polepole, anaangalia pembeni. Ile ina kengele tu. Ting – kimbia. Ting – tembea. Nikamwambia aniwekee. Kajaribu weee, simu yangu ya zamani haiikubali. Iko kwenye simu ya baba peke yake.

Simu ya baba iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Sijaiwasha tangu tumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiwasha.

Kwenye programu alijiita Kobe. Dereva wa basi la shule, miaka ishirini na miwili kitini, tumbo linafika mlangoni kabla yake – jina lilimfaa, na alilichagua mwenyewe. Mashine aliinunua kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Waliibeba watu wanne.

"Umepotea, Kobe! Siku 241." Ndivyo ilivyonikaribisha.

Chini yake: wiki ya tano, siku ya tatu. Dakika ishirini bila kusimama. Zoezi halijakamilika – dakika 14 kati ya 20. Kisha vitufe viwili, Endelea na Futa. Hakuna njia ya tatu. Huwezi kuanza lako mpaka hili limalizwe au lifutwe.

Nimeizima. Nimelia juu ya satini ya mtu, imebidi niipige pasi upya.

Jumapili, 9 Machi

Niandike, maana sijamwambia mtu.

Siku ile alikuwa na furaha ya kitoto. Leo ishirini mfululizo, bosi, utaniona. Bosi ni mimi. Akaanza. Mashine ile ikikimbiwa ukuta mzima unatetemeka. Mimi nilikuwa na bibi harusi, namrekebishia kiuno, pini mdomoni, na mama yake anauliza jambo simsikii. Nikapiga kelele: zima hilo dude, wateja hawasikilizani!

Akazima. Hakubisha. Akapita sebuleni na taulo shingoni, akawasalimu wageni vizuri, akaniuliza kama nahitaji chochote dukani. Nikamwambia zipu nyeupe, ndefu. Hata uso sikuinua.

Alianguka mbele ya duka. Zipu ililetwa na muuza duka mwenyewe, ndani ya kifuko, baada ya wiki.

Daktari alinieleza wakati ule: mshipa, mama, ungepasuka hata akiwa amelala. Namwamini. Lakini majuto ni mjukuu, na huyu wangu hasinzii. Dakika sita tu! Ningemwachia zile sita, angalau angeondoka amemaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Binti kasema afute tu, nianze upya kwa jina langu. Nimemkatalia kwa ukali. Naye kafiwa na baba, nasahau.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefanya kosa.

Nilitaka kujaribu tu, nisikie ile kengele. Simu yake nimeiweka kwenye kishikio, nikabonyeza Endelea. Ting. Nikakimbia – dakika moja, pumzi ikaisha, nikashika pembeni na kuzima. Ikaandika dakika 15 kati ya 20. Sikujua kama ina watu inaowapelekea habari.

Baada ya muda mfupi simu yangu ikalia. Wifi. Dada yake mume wangu, yuko mji mwingine, walianza mazoezi siku moja, kila mmoja kwake, wakifuatana kwenye programu. Hakusalimia.

"Wifi, nani anakimbia kwa simu ya kaka?"

Nikaishusha simu ya Kobe kutoka kwenye kishikio.

"Imeniandikia: Kobe amerudi, anakimbia. Niko jikoni, nimeacha maji yanachemka. Nilijua si yeye. Najua. Lakini nikaita jina lake, wifi. Nikaliita kwa sauti."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia ni mimi. Na kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia yote – bibi harusi, zipu, dude. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru.

Akasema subiri, anatafuta kitu. Akanisomea. Ujumbe wa siku ile, kaka yake alimwandikia akielekea dukani: Bosi kanipiga breki dakika ya kumi na nne. Nitamalizia jioni. Mwisho kaweka vicheko vitatu.

"Hakukasirika, wifi. Alikuwa anacheka."

Tukalia sote wawili, kila mtu na simu yake. Mwisho akasema: ifute au imalize, vyovyote utakavyoona. Ila usiiache pale katikati, sitaweza kuletewa jina lake mara ya pili bila kujua.

Alhamisi, 13 Machi

Sikushona. Nilikaa na hilo neno lake: "Nitamalizia jioni."

Ijumaa, 14 Machi

Nimeyashusha magauni yote, nimeyalaza kitandani upande wake. Nimeinama, nimechomeka. Nimempigia wifi, nimemwambia habari ikija ni mimi, asishtuke. Kaniuliza utaweza? Nimemwambia siwezi. Jana kwa miguu yangu nilipanda ngazi za ghorofa moja nikaona nyota. Kasema twende hivyohivyo, yeye atakuwa amekaa.

Naandika nimesimama juu ya mkanda, daftari kwenye kishikio, kando ya simu yake. Dakika 15 kati ya 20. Endelea. Futa. Viatu ni vyake, nimevaa soksi mbili ili vinikae. Sijui kama nitafika hata ya kumi na saba.

Hodi. Mteja wa saa nne kaja mapema, na mama yake. Nawasikia sebuleni, binti anawafungulia. Mama mtu anauliza fundi yuko wapi, wana haraka.

Nimeitikia kutoka huku, kwa sauti kubwa: kaeni, kutakuwa na kelele, mnisubiri dakika tano.