Chembe za Kaa na Tangi la Mjomba

3 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Habari za huko, na kifua kimepona? Mimi mzima kama chuma, ila nimetiwa doa. Maji ya dripu ya kiwanda chetu yamepimwa kwa zile chembe za damu ya kaa mnazotumia huko maabara, zikaganda. Eti yana sumu ya bakteria, na mwosha tangi ni nani? Mimi! Tangi ambalo nzi akitua anateleza, anavunjika mguu! Meneja kasema chupa za marudio zikigandisha tena, nikabidhi funguo niende zangu. Nimezijaza mwenyewe, nikaziziba kwa pamba nyeupe pepepe, vumbi lisiguse. Zinakuja maabara kwenu. Mwambie huyo kaa mjomba wako ni nani.

Mjomba wako, Bingwa wa Matangi

9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kifua kimepona, asante. Zimeganda tena. Usizimie, soma kwanza! Yakiwa machafu nitaandika machafu, hilo ulijue. Lakini umetaja pamba. Mjomba, chembe hizi huganda zikikutana na sumu ya bakteria, na huganda vilevile kwa vitu vinavyotoka kwenye pamba! Nimeruhusiwa kutia dawa inayozifanya zipuuze pamba. Nimeijaribu: kwenye sumu halisi, zimeganda, kwenye maji safi niliyoloweka pamba, kimya! Sasa ni zamu ya chupa zako. Na zile za mwanzo, uliziziba kwa kitu gani?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Salamu fupi, roho iko juu. Pamba! Tulipewa vifuniko, nikaona hivyo ni vya wavivu. Tia dawa, mama! Zikiganda, andika. Hazigandi!

Mjomba wako

13 Machi

Mjomba, shikamoo, kaa chini! HAZIJAGANDA! Hata moja! Mkuu wa maabara amerudia mwenyewe, akasaini. Tangi lako ni safi. Na tafadhali, tumia vifuniko.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu, daktari wa kaa,

Natumaini mzima, maana mimi nimepona hata magonjwa ambayo sijaugua. Meneja kanishika mkono mbele ya watu, funguo ninazo. Nimeshawaeleza wenzangu kuwa kaa mwenyewe aliomba radhi. Nakuandikia nikiwa ndani ya tangi, nimekaa kitako. Nikisema, “Safi!” linaitika, “Safi! Safi!” Nikitoka, naliosha upya.

Mjomba wako