Do ni Hapa Leo

Kaloleni, Kisumu
4 Machi 2024

Mama,

Nawasalimu wewe na Baba. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha. Mgongo wako je?

Nilienda kwa Madam Harpreet, mwenye bendi ya harusi anayetafuta mpiga gitaa. Nilipiga vizuri mpaka mwimbaji wake, Komal, akasema wimbo uko juu sana kwake, niushushe. Vidole vyangu vikabaki hewani. Madam akaniambia, bila hasira, kwamba najua pa kuweka vidole ila sijui kwa nini ni hapo. Amenipa mpaka tarehe kumi na sita. Nikishindwa anachukua mwingine, nami nirudi Usenge, maana hiki chumba sikiwezi bila kazi.

Aliniandikia hatua za kufuata kwenye waya mmoja, nikihesabu vile vyuma vidogo vya shingo ya gitaa: mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Nimezikodolea macho siku mbili. Ni kama nambari ya simu ya mtu nisiyemjua.

Mwanao,
Owiti


Usenge
7 Machi

Owiti baba,

Seline amenipa barua yako mara tu aliporudi kutoka sokoni Kisumu, kabla hata ya kushusha magunia yake. Mgongo unauma nikiinama tu, na kazi yangu ya samaki ndiyo kuinama. Unakula? Usinidanganye, Seline anasema shingo yako imekonda.

Nilimwambia Beldina, mwenzangu wa kuuza samaki, habari zako, akasema gitaa ni ya walevi. Nikamwambia walevi pia wanakula omena na bado anawauzia.

Sasa hizo nambari. Mimi niliishia darasa la tatu, usinitegemee. Lakini nilikuwa nazisoma huku nageuza omena juani, mdomo ukaanza kuimba wenyewe. Do kwenda re, hatua ndefu. Re kwenda mi, ndefu. Mi na fa wamebanana. Halafu ndefu tatu, kisha ti na do wamebanana tena. Si ndivyo Mwalimu Obiero anavyotuonyesha sisi wa kwaya kwa mkono? Na siku Aloo wa sauti ya kwanza ana mafua, Obiero anaishusha do. Anaitoa tu kooni, anasema, "Do ni hapa leo," na sisi wote tunahama naye. Hakuna anayepotea, kwa sababu tumehama na majirani zetu.

Kwani gitaa haihami? Kama ni upuzi, usimwonyeshe Madam.

Mama yako,
Dorca


Kaloleni
10 Machi

Mama,

Salamu nyingi. Nimekula, ugali na mboga, usihofu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sikuketi. Niliweka kidole kwenye waya, nikaita pale do, nikaenda kwa zile hatua. Kwaya yenu ikatoka kwenye mbao. Nikaanzia chuma kingine, ikatoka vilevile, juu kidogo. Popote nilipoanzia, Mama.

Kisha nikapanga vidole: mshiko wa do, wa fa na wa so, yaani wa kwanza, wa nne na wa tano. Ule wimbo wa Komal niliushika kwa herufi za C, F na G. Nikahamisha do mpaka A, ikawa A, D na E. Wimbo ni uleule, umeshuka tu. Miaka minne nimebeba kitu hiki begani bila kujua nimebeba nini.

Na hatua zile ukizijumlisha ni kumi na mbili. Nilipima waya kwa uzi, kutoka mwanzo hadi unapoishia, nikaukunja katikati. Mkunjo ukaangukia chuma cha kumi na mbili, pale do inaporudi.

Owiti wako


Usenge
13 Machi

Owiti baba,

Hapa tuko wazima.

Nusu kabisa? Nilimsomea baba yako hapo pa uzi. Akaacha kushona wavu, akaniambia nirudie. Nani aliuambia waya? Mimi nilidhani do ni kitu cha Obiero, anakitoa kooni mwake. Kumbe ilikuwepo, tunaikuta tu. Jana kwenye mazoezi nilipofika do ya juu nilinyamaza, wenzangu wakanitazama. Niliona kama nimeingia mahali bila kuvua viatu.

Jumamosi usiende na njaa.

Mama yako


Usenge
22 Machi

Owiti,

Seline amerudi mara mbili mikono mitupu. Simu yako haipatikani. Kama umeshindwa si kitu, rudi tu, kitanda chako sijakitoa. Baba yako kila jioni anakwenda kusimama stendi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


Kaloleni
25 Machi

Mama,

Nisamehe, na Baba anisamehe. Tulikuwa safarini na simu niliisahau chumbani.

Jumamosi ile Komal alisema nishushe. Nikashusha. Akasema bado. Nikahamisha do mpaka G, nikaona mabega yake yanalegea, sauti yake imepata pa kukaa. Tukamaliza wimbo. Madam Harpreet hakusema nimepita wala nimeanguka. Alinipa karatasi za nyimbo za harusi ya siku iliyofuata, thelathini na moja. Nikazipekua, hakuna herufi hata moja. Ni nambari tu, moja, nne, tano, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamuuliza herufi ziko wapi.

Akaniambia, "Hizo tutazijua mwimbaji akifungua mdomo."

Mwanao,
Owiti